Nne ya Injini Iliyozimwa

Katika yadi ya malori ambako fundi huyu amefanya kazi miaka ishirini na sita, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Kipimo. Jina hilo alilipata kwa sababu ya swali moja ambalo amelirudia mpaka limekuwa kama kikohozi chake. Dereva akija kusema breki zimelegea, atamuuliza, "Umepima?" Mpishi wa kantini akijisifu kwamba chai ya leo imekolea, "Umepima?" Inasemekana hata mkewe, Mama Pacha, alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba ana mimba, alijibiwa hivyo hivyo, na inasemekana bwana alilala kwenye kochi siku nne. Yeye anakana. Anasema zilikuwa tatu.

Shuleni hakufika mbali, na wakubwa wa kampuni hawajachoka kumkumbusha. Alianza kwa kuosha malori, akapanda hadi kubeba spana za wengine, kisha akaanza kusoma vitabu vya injini usoni ameweka miwani na pembeni ameweka kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, miaka kumi na moja. Fundi aliyemfundisha alimwachia geji moja ya presha, ya shaba, iliyofifia uso kama sarafu ya zamani. Kipimo huilaza kwenye sanduku la mbao, ndani ya blanketi la mtoto. Blanketi lilikuwa la pacha wa kwanza. Pacha wa pili alilalamikia upendeleo huo mpaka siku alipooa.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na baraza. Kwenye sufuria ya chai amechonga alama mbili: moja ya chai ya watu wanne, nyingine ya watu sita. Mgeni wa saba hana alama, na kwa kweli hana chai.

Yadini anaheshimiwa kwa jambo moja kubwa: kazi yake hairudi. Lori likitoka mikononi mwake halirejeshwi kwa ugonjwa ule ule. Mafundi wengine hurudishiwa magari kila wiki, wakasingizia vipuri, barabara, dereva, na mwisho Mungu. Kipimo hajawahi kumsingizia mtu, kwa kuwa hajawahi kuhitaji.

Sasa, Mama Pacha ana mdogo wake wa kiume ambaye ni dereva katika yadi hiyo hiyo. Anaitwa Taratibu. Ameendesha malori miaka kumi na minane bila kugonga hata kuku, na lori lake, Namba Saba, hulifuta vioo kabla ya kufuta uso wake mwenyewe. Mwaka huu Namba Saba lilianza kuchoka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Likifika mlimani na mzigo mgongoni lilihema kama mgonjwa wa pumu, malori mengine yakalipita, na siku moja lilipitwa na mama aliyebeba ndoo kichwani, ambaye hata hakuwa na haraka. Tena lilikunywa dizeli. Safari iliyowatosha wenzake kwa lita mia mbili, yeye alitumia mia mbili na sitini.

Meneja wa yadi ni mtu wa karatasi. Simlaumu kwa kuzipenda. Namlaumu kwa kutozisoma. Aliona pengo la lita sitini, akauliza zimekwenda wapi, akajijibu kabla swali halijapoa: zimeuzwa. Ili asionekane dhalimu, akamwita kijana mmoja mwenye shati jeupe na kompyuta ya kubeba, aliyetambulishwa kwa wafanyakazi kama Mtaalamu. Mtaalamu akachomeka waya kwenye lori, akabonyeza, akasubiri, akachapa. Kompyuta ikasema lori zima. Hata kwenye presha ya eksozi, yaani ule msukumo wa moshi unaojazana nyuma ya bomba ukikosa njia ya kutoka, ikasema hakuna shida. Ripoti ikafunikwa plastiki, ikabandikwa ubaoni kati ya ratiba ya likizo na tangazo la ndoo iliyopotea.

Chini yake Meneja akabandika barua. Dereva wa Namba Saba afike ofisini Ijumaa saa nne asubuhi, akabidhi funguo, na habari yake ya wizi wa mafuta ipelekwe polisi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kantini haina huruma na mtu aliyeanguka. "Taratibu," dereva mmoja alipaza sauti juu ya sahani, "hicho kituo chako cha mafuta kiko mtaa gani? Tuje tukuungishe." Mwingine akasema, "Muacheni, leo kalala na pampu." Watu wakacheka. Taratibu akaendelea kula, lakini kila tonge alilitafuna mara nyingi kuliko lilivyostahili.

Kipimo alikuwa meza ya pili, amewapa mgongo. Wengi walidhani ni huzuni ya ukwe. Ukweli ni mbaya zaidi: na yeye aliamini shemeji yake ni mwizi.

Jioni Mama Pacha alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. "Baba Pacha, umesikia wanachosema juu ya mdogo wangu?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Kipimo alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Mtu kaezeka nyumba juzi. Bati zinang'aa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu zinang'aa."

Mama Pacha aliliacha shuka katikati ya mkunjo. "Bati zile ni za marehemu baba. Zimekaa stoo miaka sita. Siku tulipogawana vitu vyake ulizihesabu wewe mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, ukasema ziko thelathini na nane na moja ina tundu."

"Thelathini na tisa."

"Haya, thelathini na tisa! Na hizo lita sitini?"

"Kompyuta imesema lori zima."

"Na wewe umepima?"

Kipimo aliweka kijiko chini. Miaka yote alikuwa akiwarushia watu swali lile bila kujua lina uzito gani likimpata mtu kifuani.

"Hata mwewe," Mama Pacha alisema, akilirudia shuka lake, "humtazama kuku vizuri kabla ya kumbeba. Wewe umemhukumu shemeji yako kwa kung'aa kwa bati. Chai yako imepoa."

Jumatano asubuhi, kabla kengele ya kazi haijalia, Kipimo alisimama mbele ya ubao wa matangazo na miwani yake. Mtu mwingine angesoma muhuri. Yeye alisoma namba. Presha ya eksozi ilikuwa na mistari mitatu. Injini ikiwa imezimwa: nne. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta: nne. Injini ikikanyagwa mpaka mwisho: nne.

Akacheka. Mpishi wa kantini, aliyekuwa anapita na kapu la vikombe, akasimama. "Fundi, unacheka na nani?"

"Na maiti," Kipimo alisema. "Imezimwa na bado inapumua."

Habari yenyewe ni nyepesi, na ndiyo sababu haikuwaingia wakubwa. Lori lile lina kihisi, kidude kidogo kinachopokea presha ya moshi kupitia kijibomba chembamba na kuipeleka kwenye kompyuta kwa namba. Injini ikizimwa hakuna moshi, kwa hiyo namba lazima iwe sifuri. Injini ikipiga kelele, namba lazima ipande. Namba isiyoshuka injini ikilala wala kupanda injini ikilia haijapima kitu. Ni picha ya ukutani. Mtaalamu hakupima presha ya Namba Saba. Alipima kihisi kibovu, na kibovu kikajibu nne kama mlevi anayejibu "ndiyo" kwa kila swali.

Kipimo akaenda ofisini.

"Bosi, naomba Namba Saba nusu siku."

"Ya nini?"

"Nipime eksozi."

"Imeshapimwa. Hujaona ubaoni?"

"Nimeona. Bosi, injini ikizimwa, moshi unatoka?"

Meneja alimtazama kama anayetafuta mtego ulipofichwa. "Hautoki."

"Basi presha ya moshi inakuwa ngapi?"

"Sifuri."

"Ripoti yako inasema nne."

Meneja akavuta nakala yake, akaisoma, nadhani kwa mara ya kwanza. Akapumua kwa ahueni. "Nne ni ndogo, fundi. Mwisho unaoruhusiwa ni ishirini. Tuko chini sana."

"Bosi, marehemu akipimwa joto, ukakuta thelathini na saba, utasema hana homa?"

"Sikiliza, Kipimo." Meneja akaegemea kiti. "Yule ni shemeji yako. Yadi nzima inajua. Kompyuta haina shemeji."

"Haina, bosi. Ndiyo maana ikikosea haina wa kuiambia."

Angefukuzwa ofisini kama si kokoto. Palikuwa na mzigo wa kokoto wa kupeleka juu ya mlima Alhamisi, kwenye ujenzi wa bohari mpya, na malori yote yalikuwa safarini isipokuwa Namba Saba. Meneja akakubali kwa sababu ya kokoto, si kwa sababu ya haki. Akaweka na sharti: Mtaalamu awepo, ili pasifanyike ujanja wa kifamilia.

Alhamisi saa mbili Kipimo alilala chini ya Namba Saba, akafungua kihisi. Kile kijibomba kilikuwa kimejaa masizi magumu mpaka mdomoni, kama risasi ya penseli ndani ya mbao yake. Akamwonyesha Mtaalamu. Kisha, pale kilipokuwa kihisi, akafunga bomba la shaba alilolizungusha mara tatu kama chemchemi, ili moshi upoe njiani, akalipitisha dirishani mwa lori, na mwisho wake akafunga geji ya shaba. Geji akamkabidhi Mtaalamu pamoja na blanketi lake.

"Hili la nini, mzee?"

"La kulinda suruali yako. Na geji. Hasa geji."

Wakaingia watatu, Taratibu kwenye usukani. Injini bado imezimwa.

"Inasoma ngapi?" Kipimo aliuliza.

"Sifuri."

"Andika."

"Niandike sifuri?"

"Sifuri nayo ina haki zake, mwanangu. Ungeiandika Jumatatu, leo tungekuwa tunakunywa chai."

Injini ikawashwa: mbili. Wakatoka na kokoto zao tani kumi na tano, tambarare ikawapokea vizuri, sindano ikichezacheza kwenye saba na nane. Kisha mlima. Taratibu akashusha gia, akakanyaga. Lori likaanza kuhema. Sindano ikapita ishirini bila kuaga. Thelathini na mbili. Arobaini na tano. Nje ya dirisha moshi mweusi ulikuwa unatoka kwa shida, kidogokidogo, kama watu kwenye mlango mmoja.

"Shemeji, nisimame?" Taratibu alisema, jasho likimtiririka.

"Kanyaga."

"Hamsini na nane," Mtaalamu alisoma, na sauti yake ilikuwa imepanda pamoja na sindano. "Sitini na moja. Mzee, hii geji yako nzima kweli?"

"Tukifika juu, zima injini uione mwenyewe."

Juu ya mlima Mtaalamu alinyoosha mkono, akazungusha funguo yeye mwenyewe. Sindano ikashuka mpaka sifuri, ikatulia hapo. Kijana akaipangusa geji kwa blanketi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mapaja yake, "Sikuusoma ule mstari wa kwanza. Nilichapa tu. Walitaka ripoti siku ile ile."

"Aliyeifunika plastiki naye hakuusoma," Kipimo alisema. "Mko wengi."

Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Mzibe mtu pua, umtwishe gunia, umwambie apande ngazi: atatumia nguvu mara mbili na hatafika. Hizo ndizo lita sitini. Hazikuuzwa mtaa wowote. Ziliungua ndani ya injini, zikiusukuma moshi uliokataliwa mlango. Taratibu aliposikia hayo alishuka, akaenda nyuma ya lori, akakaa huko. Aliporudi alisema vumbi la kokoto ni kali sana.

"Shemeji," Kipimo alianza, "zile bati zako..."

"Bati gani?"

"Basi. Twende."

Maana kumtoa mtu hatiani kwa geji ni rahisi kuliko kumwomba radhi kwa mdomo, hata kwa watu wa kupima.

Yadini likabaki swali moja: njia imezibwa wapi? Kipimo alifungua eksozi kiungo baada ya kiungo, kila mara akiwasha injini na kuikanyaga mpaka mwisho. Alipolegeza kiungo kilicho kabla ya sailensa, lile pipa linalonyamazisha kelele, lori likanguruma kwa sauti ambayo halikuwa nayo kwa miezi, mafundi wakaziba masikio, na sindano ambayo hata bila mzigo ilikuwa inapita ishirini ikagota kwenye sita. Akaligonga sailensa kwa spana. "Ugonjwa umo humu." Akalishusha, akaliweka kwenye matofali, akashika grinda. Cheche zikaruka. Taratibu na Mtaalamu walisimama karibu, na upande wa pili wa yadi Meneja alikuwa ameshatoka ofisini kuja kuona kelele ni za nini.

Sailensa lilipofunguka, kikaanguka kifuniko cha kopo la grisi.

Kilikuwa cheusi, kimepinda kidogo, na pembeni kilikuwa na mikato mitatu ya tupa.

Kila mtu yadini anaijua mikato ile. Kipimo ana vifuniko kumi na viwili vya ukubwa mbalimbali, na hutumia hivyo kuziba mabomba anapofungua injini, vumbi lisiingie. Amevitia alama ili watu wasivifanye visahani vya majivu ya sigara. Ni yeye aliyewafundisha mafundi wote sheria ile: ukifungua, ziba, ukiziba, kumbuka. Na ni yeye, miezi minane iliyopita, aliyebadilisha tabo ya Namba Saba, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Bomba la eksozi likawa wazi, upepo wa vumbi ukaja, akasokomeza kifuniko mdomoni mwa bomba. Nusu ya kwanza ya sheria aliitimiza vizuri sana.

Moshi ulikisukuma kifuniko mpaka mlangoni mwa sailensa, na hapo kikapata ajira. Moshi mdogo ukija, kililala pembeni, ukapita. Moshi mwingi ukija na mzigo wake, kilisimama katikati ya mlango na kuuambia urudi. Nimesimama mbele ya madirisha mengi ya ofisi yenye tabia hiyo hiyo, ila hayo hayakatwi kwa grinda.

Kipimo hakusogea. Aliyeinama ni Taratibu. Alikiokota kifuniko, kikiwa cha moto bado, akakitumbukiza mfukoni mwa ovaroli.

"Shemeji, nyamaza," alinong'ona. "Presha imeshaniokoa. Na wewe uumie ya nini? Tutasema ni masizi."

Mtaalamu akagundua kwamba mbingu siku hiyo zinavutia, akazitazama.

Ulikuwa wizi wa kwanza wa Taratibu katika miaka kumi na minane, na aliufanya vibaya: mfuko ulikuwa unafuka moshi.

"Mmepata nini?" Meneja alifika akihema.

"Masizi, bosi," Taratibu alisema, akirukaruka mguu mmoja kwa sababu paja lilikuwa linaungua.

"Kitoe, shemeji," Kipimo alisema.

"Shemeji..."

"Kitoe."

Kikatoka, kikapita mkono hadi mkono. Meneja akakigeuza, akakikunjia uso, na uso wake ukaanza kung'aa. "Aha! Kwa hiyo dereva ndiye aliyekitia. Auze mafuta, kisha aseme lori bovu. Nilijua tu."

Hapo ndipo msomaji atambue jinsi ilivyo rahisi. Ushahidi wa kumtakasa mtu ulikuwa umekaa mkononi mwa Meneja sekunde tano, na tayari ulikuwa umegeuka kuwa kosa jipya.

"Bosi, kifuniko ni changu," Kipimo alisema. "Mikato hiyo ni yangu. Nilikisahau mimi nilipobadilisha tabo."

Meneja akacheka kwa upole. "Fundi. Kazi yako hairudi."

"Hii imerudi."

"Unamlinda shemeji yako. Nakuelewa, hata mimi nina mke. Lakini mtu kama wewe hasahau kitu ndani ya bomba."

"Nimesahau, bosi!"

"Hujasahau."

"Nakwambia nimesahau!"

Nusu saa nzima fundi bora wa yadi alibishana na mkubwa wake ili aaminiwe kwamba amekosea. Sifa aliyoijenga miaka ishirini na sita ilimsimamia mlangoni kama kile kifuniko. Alikwenda kuleta sanduku lake, akavipanga vifuniko chini: kumi na kimoja. Akaleta daftari la kazi lenye tarehe ya tabo na saini yake. Akamwomba Meneja orodha ya mafuta, ile ile iliyomtia Taratibu hatiani, akaweka kidole kwenye tarehe: mpaka wiki ile, lita mia mbili, kuanzia wiki iliyofuata, mia mbili na sitini, kila safari, bila kupungua wala kuzidi. "Mwizi gani huyu, bosi, anayeiba kwa usahihi namna hii?"

Meneja akasema atalifikiria.

Ndipo Mtaalamu akafungua kompyuta yake juu ya tairi la akiba, akaandika namba zote za geji ya shaba, kuanzia sifuri, akaandika na kifuniko na tarehe, akaenda kuchapa. Alipoirudisha karatasi ikiwa bado ina joto, Meneja aliisoma akiitikia kwa kichwa. "Sasa hii," alisema, "inaeleweka." Yalikuwa maneno yale yale. Yalikuwa tu yamechapwa.

Wakati wanasubiri karatasi ile, Kipimo alikuwa amekaa kwenye matofali kando ya shemeji yake. "Nina neno," alisema. "Na mimi nilisema wewe ni mwizi. Sikusema kwa watu. Nilisema kwa dada yako, na nilisema moyoni. Sikupima."

Taratibu alikuwa anapaka paja grisi. "Kwa sababu ya bati?"

"Kwa sababu ya bati."

"Moja inavuja," Taratibu alisema. "Utakuja kuiziba wewe. Kwa kitu kingine, lakini. Vifuniko vyako siviamini."

Ijumaa saa nne zilitoka barua mbili. Ya Kipimo ilikuwa onyo kali la uzembe. Aliisoma, akasahihisha tarehe ya tabo iliyokosewa kwa siku moja, akatia saini. Hakulalamika, na mimi sitalalamika kwa niaba yake: kosa lilikuwa lake.

Barua ya pili ilisema dereva wa Namba Saba amesamehewa kosa la wizi wa mafuta, na anaruhusiwa kuendelea na kazi.

Taratibu alikabidhiwa barua hiyo akiwa tayari kwenye usukani, amepakia mzigo, pua ya lori ikiwa getini. Aliisoma. Akaisoma tena. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akashusha kioo.

"Bosi, nimesamehewa nini?"

"Si umesoma? Umesamehewa. Nenda kazini, mzigo unasubiriwa."

"Niliiba?"

"Hukuiba. Ndiyo maana umesamehewa!"

Nyuma ya Namba Saba lilikuwa limeshasimama lori la pili, na la tatu, na la nne. Geti la yadi ile ni moja. Honi zikaanza. Dereva yule yule wa utani wa kituo cha mafuta akatoa kichwa kupiga kelele, akasikia kinachozungumzwa, akarudisha kichwa ndani, akazima injini yake pia. Wengine wakafuata mmoja mmoja, mpaka yadi ikawa kimya.

Msamaha ni neno zuri likitoka kwa aliyekosewa. Likitoka kwa aliyekosea ni tusi lililopigwa pasi. Mtu akilipokea, watoto wake watalikuta kwenye faili siku moja, na faili halielezi, linasema tu: wizi, alisamehewa.

"Fundi!" Meneja alimwita Kipimo, aliyekuwa amepanda kwenye ngazi ya mlango wa lori, kando ya dirisha la shemeji yake. "Mwambie mtu wako aondoe gari. Lina nini tena?"

"Lori zima, bosi. Nimelipima asubuhi, mlimani halikufika hata kumi na tano." Kipimo akaichukua barua, akamnyooshea. "Kilichoziba sasa kiko kwenye mstari wa pili."

Meneja alitazama malori tisa, akatazama saa, akatazama barua. Akatoa kalamu. Akaiweka karatasi juu ya bampa la Namba Saba, akakata "amesamehewa kosa la", akaandika juu yake kwa mkono "hakufanya". Akampa.

Taratibu akaisoma neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Madereva walikuwa wameshuka, wanasubiri.

"Umeridhika?" Meneja aliuliza.

"Bado muhuri, bosi. Pale ulipokata. Bila muhuri watasema nimekata mwenyewe."

Muhuri ulikuwa ofisini, upande wa pili wa yadi. Meneja alimtafuta kwa macho mtu wa kumtuma, lakini kila aliyemtazama alikuwa na shughuli na tairi lake. Akaichukua tena barua, akaikunja, akaenda kuufuata mwenyewe, kwa miguu, akipita kando ya malori yote tisa.